Destroya na Kombora Ambalo Bado Halijatengenezwa

Karibu kila mtu wa Mwanza anaijua MV Victoria, lakini wachache wanajua ilikotoka. Iliundwa Scotstoun, Glasgow, kwenye uwanja wa kampuni ya Yarrow. Ikaunganishwa kule kwa bolti, kila kipande kikaandikwa namba, ikafunguliwa tena, ikasafirishwa hadi Kisumu na kuungwa upya huko, ikaanza kazi mwaka 1961. Hao Yarrow hawakuanza na meli za abiria. Mwaka 1893, wakiwa bado London, waliunda HMS Havock, mojawapo ya destroya za kwanza kabisa duniani. Na Februari 2006, kutoka Scotstoun ileile iliyotuletea Victoria, ikateremshwa majini HMS Daring, destroya ya kwanza ya kundi la Type 45 la Uingereza.

Kwa hiyo nikiandika habari za destroya huku nimekaa Mwanza, sijioni nimejiingiza kwenye mambo ya watu. Ni ufundi uleule: chuma, injini, kebo, pampu, na watu wanaolala ndani yake.

Kwa asiyezifahamu, destroya ni manowari yenye mbio, nyingi za leo zikiwa na urefu wa mita 150 hivi, na kazi yake kubwa siku hizi ni kuzilinda meli nyingine dhidi ya ndege na makombora. Inajengwa kwa miaka mingi, inatarajiwa itumike miaka 30 hadi 40. Kombora linalotumwa kuizamisha halina subira hiyo. Linabadilishwa kichwa, injini na kompyuta kila baada ya miaka michache. Hapo ndipo penye tatizo lote: nahodha atakayekuwa kwenye usukani mwaka 2055 atakutana na silaha ambayo mchoraji wa leo hajawahi kuiota.

Mimi ni fundi umeme wa vyombo vya majini, na msimamo wangu nauweka mezani mapema. Kitu kinachoiokoa destroya uzeeni ni nafasi iliyoachwa wazi siku ilipochorwa: nafasi ya uzito, ya umeme, ya kupoza mitambo, ya kupitisha kebo. Silaha zinazoonekana kwenye picha za gazetini zitazeeka kabla ya rangi ya meli. Ile nafasi tupu, ambayo mhasibu anaiona ni hasara, ndiyo itakayobeba silaha za kesho. Na kila mara inapokatwa ili kuokoa fedha, wanaolipa ni mabaharia ambao pengine hawajazaliwa bado.

Kuna atakayeuliza haya yanatuhusu nini sisi wa kanda ya ziwa. Minofu ya sangara inayogandishwa kwenye viwanda vyetu na kwenda Ulaya kwa kontena inapita baharini. Vipuri vya injini za vivuko vyetu navyo vinakuja kwa njia hiyohiyo. Tangu mwishoni mwa 2023, Wahouthi wa Yemen walipoanza kuzishambulia meli za mizigo katika Bahari ya Shamu, kampuni nyingi ziliamua kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema. Safari ikarefuka, nauli ya kontena ikapanda, na fundi wa Mwanza anayesubiri kipuri akasubiri zaidi. Waliokuwa wanasimama kati ya makombora yale na meli za mizigo ni mabaharia wa destroya na frigeti, manowari ndogo kidogo kuliko destroya. Kwa hiyo uimara wa manowari hizo unatugusa mfukoni.

Simama ufukweni pale Capri Point jioni tulivu utazame mtumbwi wa dagaa unaoondoka. Kwanza unaona chombo chote, kisha mwili wake unazama chini ya mstari wa maji na mbingu, mwisho unabaki mlingoti au taa tu. Macho ya mtu aliyesimama usawa wa maji yanafika kama kilomita 5, basi. Dunia imepinda, hata ziwani. Rada ya meli nayo inabanwa na mpindo huohuo. Ikiwa imewekwa mita 16 juu ya maji, na kombora linakuja likiwa limeinuka mita 3 tu juu ya mawimbi, rada italiona likiwa umbali wa kilomita 23 au 24. Kombora la Exocet la Ufaransa linakwenda zaidi ya mita 300 kwa sekunde. Piga hesabu: kama sekunde 75 tangu lionekane hadi ligonge. Ndani ya muda huo mtu au kompyuta lazima itambue kwamba ile nukta ni kombora wala si ndege au wimbi, iamue, ifyatue, na kombora la kujilinda lifike. BrahMos, kombora linalobebwa na destroya ya India INS Chennai iliyokuja Dar es Salaam kwenye mazoezi ya pamoja Aprili 2025, inakaribia kasi mara tatu ya sauti. Kwa kombora la kasi hiyo, zile sekunde 75 zinageuka kuwa 25.

Dunia ililijua hili kwa uchungu tarehe 21 Oktoba 1967. Destroya ya Israel, Eilat, ilikuwa doria nje ya Port Said. Ilikuwa meli ya Vita Kuu ya Pili, iliyoundwa na Cammell Laird kule Birkenhead mwaka 1944 kwa jina la HMS Zealous, ikauzwa baadaye. Boti ndogo za Misri, zikiwa bado ndani ya bandari, zikarusha makombora ya Kisovieti aina ya P-15. Eilat ikazama, na watu 47 wakafa. Mizinga yake iliundwa kupambana na kitu unachokiona. Haikuwa na kifaa cha kulivuruga kombora linaloongozwa na rada.

Miaka 15 baadaye ikawa zamu ya Uingereza. Tarehe 4 Mei 1982, katika vita vya Falkland, ndege mbili za Argentina aina ya Super Étendard zilirusha Exocet, na moja ikaipata HMS Sheffield. Meli ile haikuwa kuukuu. Ilikuwa imeanza kazi mwaka 1975. Ilikuwa na makombora ya Sea Dart, mazuri kwa ndege zinazoruka juu, lakini si kwa kitu kinacholamba mawimbi. Dakika zile ilikuwa ikiwasiliana kwa setilaiti, na mawimbi ya mtambo huo yalikuwa yanakizuia kifaa chake cha kunusa rada za adui. Hata nyuzi za alumini, zile zinazorushwa hewani ili kombora lidanganyike, hazikurushwa. Kombora lilipoingia, bomba kuu la maji ya kuzimia moto likapoteza nguvu. Moto ukashinda. Wakafa watu 20, na meli ikazama tarehe 10 Mei ikiwa inavutwa.

Hilo la bomba la maji hunikaa kichwani kuliko kombora lenyewe. Mimi nimefanya kazi kwenye vyumba vya injini, na najua ukimya wa pampu iliyokosa umeme unavyotisha kuliko kelele yoyote.

Katikati ya misiba hiyo miwili kuna habari inayotia moyo. Usiku wa kuamkia tarehe 7 Oktoba 1973, nje ya Latakia, boti za Israel zilikutana na boti za Syria zenye makombora yaleyale yaliyoizamisha Eilat. Hakuna boti ya Israel iliyopigwa. Katika miaka sita walikuwa wamejifunza kuivuruga rada ya kombora na kulitupia chambo cha alumini. Hakuna aliyeongeza unene wa chuma. Walipata mahali pa kufunga visanduku vya elektroniki, na umeme wa kuviendesha.

Sasa nirudi kwa Sheffield, maana kundi lake la Type 42 ndilo linalonipa hasira. Lilipochorwa, hazina ya Uingereza ilibana fedha, na meli zikafupishwa. Zile za awali zilikuwa na urefu wa mita 125. Zikawa zimebanana kiasi kwamba kila kilichotakiwa kuongezwa baadaye kilipiganiwa. Kulikuwa na mpango wa kuzipa kombora la masafa mafupi la Sea Wolf, ukafutwa. Kundi la mwisho likarefushwa hadi mita 141, na bado ikabidi mbavu za meli ziongezewe mabamba ya chuma kwa nje ili mwili usichoke. Wanaokata mita kwenye karatasi wanaona chuma kilichookolewa. Lakini chuma ndicho kitu cha bei nafuu kwenye manowari. Kinachokula fedha ni rada, kompyuta, silaha na kebo. Kuongeza mwili wa meli mita kumi za chumba kitupu ni gharama ndogo ukilinganisha na kuja kuipasua meli hiyo miaka ishirini baadaye.

Hapa kwetu mtu wa kawaida analijua jambo hili kwa nyumba yake. Anajenga chumba na sebule, lakini juu ya nguzo anaacha nondo zimechomoza, na msingi ameuchimba wa ghorofa. Jirani anaona nondo zinashika kutu tu. Mwenye nyumba anaona ghorofa ya watoto wake.

Wamarekani waliwahi kufanya hivyo, wakachekwa. Destroya za kundi la Spruance, zilizoanza kazi mwaka 1975, zilikuwa kubwa na juu zinaonekana tupu. Wakosoaji walizipanga kando ya manowari za Kisovieti zilizojaa mirija na mizinga, wakauliza mbona zetu zina silaha kidogo hivi. Baadaye mwili uleule wa Spruance ukabeba Aegis, mtambo unaounganisha rada, kompyuta na makombora, na kuwa kruza za Ticonderoga, manowari za daraja la juu ya destroya. Na kati ya Spruance 31, meli 24 zilitobolewa sitaha ya mbele zikawekewa mtambo wa Mk 41 wenye matundu 61 ya kufyatulia makombora kwa wima. Matundu hayo ni ya kipimo kimoja, kwa hiyo kinachoingia humo kinaweza kubadilika: kombora la kupiga ndege, la kupiga nyambizi, la kwenda nchi kavu, au manne madogo kwenye tundu moja. Mchoraji wa Spruance hakuwa na Mk 41 mkononi alipochora. Alikuwa na busara ya kuacha mahali.

Lakini sitaki kuzipamba kupita kiasi. Spruance ya mwisho iliondolewa mwaka 2005, mapema kuliko umri wake wa chuma, kwa sababu fedha za kuzitunza zilielekezwa kwingine. Nafasi bila matunzo haifanyi kazi peke yake.

Nije kwenye umeme, ambao ndio eneo langu.

Zamani kidogo nilipewa kazi ya kufunga umeme kwenye chombo cha mizigo hapa ziwani. Nikapiga hesabu ya mzigo wote: taa, pampu, winchi, rada, redio. Nikamwambia mwenye chombo tununue jenereta yenye nguvu zaidi ya hesabu ile kwa kama theluthi moja, na swichibodi iachwe na nafasi za breka ambazo hazina kazi. Akanitazama.

"Fundi, unanijengea meli au unaniuzia jenereta?"

"Bosi, kesho utataka chumba cha baridi cha samaki."

"Kesho nitajua kesho."

Ikanunuliwa ya kutosha leo tu. Haikupita muda akataka chumba cha baridi, kisha kamera, kisha taa kubwa za sitaha. Kompresa ya chumba cha baridi inapowaka, inavuta mkondo mara kadhaa ya ule wa kawaida kwa sekunde chache. Kila ilipowaka, taa zilififia, na rada, ambayo haitaki mchezo na volti, ikajizima na kuanza upya. Usiku, katikati ya ziwa, nahodha anabaki kipofu kwa dakika nzima kwa sababu samaki wanagandishwa. Mwisho jenereta ilibadilishwa, na kwa kuwa mlango wa chumba cha injini ulikuwa mwembamba, sitaha ikakatwa kwa gesi ili itolewe. Nilisimama pale nikiwaangalia mafundi wa kuchomelea wakikata chuma kizima, na nikaumia sana. Gharama yake ilikuwa mara nyingi ya ile tofauti tuliyobishania.

Sasa weka hilo kwenye kipimo cha destroya. Type 45, jamaa ya Victoria kwa uwanja wa kuzaliwa, ilikuja na injini za gesi aina ya WR-21 zenye kifaa cha kupoza hewa katikati ya mzunguko ili kuokoa mafuta. Kwenye maji ya joto, kama ya Ghuba ya Uajemi, kifaa hicho kilielemewa. Injini inapozimika ghafla, jenereta mbili za dizeli zilizobaki haziwezi kubeba mzigo wote, nazo zinazima. Meli nzima inabaki gizani: rada, usukani, kila kitu. Mwaka 2016 Bunge la Uingereza liliwahoji wakuu wa jeshi na watengenezaji juu ya jambo hilo. Dawa iliyopatikana ni kukata ubavu wa meli, kutoa dizeli mbili za megawati 2 kila moja na kuingiza tatu za megawati 3 kila moja. HMS Dauntless ilikuwa ya kwanza, na kazi ikafanyika Birkenhead, kwa Cammell Laird walewale walioiunda ile Zealous iliyokuja kuitwa Eilat. Kwa meli iliyonunuliwa ili kupiga makombora, kosa lililoiweka hatarini lilikuwa la kipoza na jenereta.

Sisi tunaofanya kazi kwenye maji ya joto mwaka mzima tunalijua hili bila kuambiwa. Kipoza kilichopimwa kwa maji ya Scotland kinabadilika tabia kikivuta maji ya nyuzi 25 za Ziwa Victoria.

Marekani nao wamefika ukingoni. Kundi la Arleigh Burke lilianza kazi tarehe 4 Julai 1991, na mwili uleule, ukinyooshwa na kupanuliwa kidogo kidogo, bado unajengwa. Toleo la tatu, ambalo meli yake ya kwanza Jack H. Lucas ilianza kazi Oktoba 2023, limebeba rada mpya ya SPY-6. Rada hiyo inaona vitu vidogo zaidi kwa mbali zaidi, lakini inakula umeme na inatoa joto kali. Kwa hiyo ikabidi jenereta tatu za megawati 4 kila moja, umeme wa volti 4,160 uingizwe kwenye meli ambayo babu zake walitumia 450, mitambo ya kupoza iongezewe nguvu, na tezi, yaani sehemu ya nyuma, ipanuliwe ili meli ielee sawasawa na uzito mpya. Jeshi lao lenyewe linakiri kwamba hakuna tena nafasi ya maana ya kuongeza kitu, ndiyo maana walianza kuchora meli mpya waliyoiita DDG(X). Burke ni meli nzuri mno. Imeishi kwa sababu ya Mk 41, na kwa sababu ya programu za kompyuta za Aegis zinazoandikwa upya toleo baada ya toleo. Lakini mwili umeshiba.

Uzito una ukali wake wa pekee, maana haujali fedha zako. Niliwahi kushuhudia jaribio la kupima ulalo wa meli pale Bandari ya Mwanza Kusini. Asubuhi mapema, kabla ya upepo, kamba za gati zinalegezwa, watu wote wasio na kazi wanashushwa. Ndani ya meli inaning'inizwa timazi, uzi mrefu wenye uzito chini, ukiwa umezamishwa kwenye ndoo ya mafuta ili usiyumbe ovyo, na rula imelazwa nyuma yake. Kisha vipande vya chuma vinavyojulikana uzito vinahamishwa kutoka upande mmoja wa sitaha kwenda mwingine. Uzi unasogea milimita chache kwenye rula. Mhandisi anaandika, anarudia upande wa pili, anaandika tena. Kutokana na milimita hizo anajua kitovu cha uzito wa meli kiko juu kiasi gani. Hakuna anayeongea wakati ule.

Mkoa huu haufundishwi uzito wa juu unafanya nini. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilipinduka ikiikaribia Mwanza na mamia ya watu ndani. Kuna familia hapa mtaani ambazo hadi leo hazipandi chombo usiku.

Destroya inabanwa na sheria hiyohiyo. Ukitaka kuliona kombora mapema, inua rada. Waingereza waliinua rada ya Type 45 juu kabisa ya mlingoti, na wakaweza kwa sababu ina nyuso mbili tu zinazozunguka. Wamarekani walitaka nyuso nne zisizozunguka, zenye nguvu zaidi, zikawa nzito, zikakaa chini zaidi kwenye ukuta wa jengo la sitaha. Kila upande ulipata kitu na kupoteza kitu. Na kila kisanduku cha kuvuruga rada, kila bunduki ya kujihami ya dakika ya mwisho, kila antena inataka kukaa juu, palepale ambapo tani moja ina madhara makubwa. Meli isiyoachiwa akiba ya uzito tangu mwanzo itapewa silaha mpya kwa kuvuliwa nyingine.

Kuna meli ambayo iliachiwa karibu kila kitu: Zumwalt, destroya ya Marekani. Ina umeme wa megawati 78. Zilipangwa 32, zikajengwa 3. Mizinga yake mikubwa ilikosa risasi kwa sababu risasi moja ilifika karibu dola 800,000, na mpango wa risasi ukafutwa. Wengi wanaitaja kama aibu tupu. Mimi nakubali kwamba fedha zilipotea vibaya, ila tazama kilichofuata. Mwaka 2023 Zumwalt ilipelekwa kwenye uwanja wa meli wa Pascagoula, mizinga ikang'olewa, na mahali pake pakawekwa mirija minne mikubwa ya kubeba makombora 12 yanayokwenda zaidi ya mara tano ya kasi ya sauti. Silaha iliyochaguliwa ilikuwa mbaya, lakini mwili ulikuwa na nafasi, na mwili ukasamehe.

Bahari ya Shamu imeleta mtihani ambao hakuna meli kati ya hizi iliyoutarajia kwa sura ile. Tarehe 19 Oktoba 2023 destroya ya Marekani USS Carney iliangusha makombora na droni kutoka Yemen, na kwa miezi iliyofuata hali ikawa hivyo karibu kila wiki. Vilikuja vitu vya kila aina kwa pamoja: droni zinazokwenda taratibu, makombora yanayolamba maji, na kwa mara ya kwanza vitani makombora ya balistiki yanayoshuka kutoka juu kuipiga meli. Mwishoni mwa Januari 2024 kombora moja liliwapita walinzi wote hadi kilomita 1.6 kutoka USS Gravely, likaangushwa na Phalanx, bunduki ya dakika ya mwisho. Kilomita 1.6 kwa kombora ni sekunde chache mno.

Destroya zilishinda mapambano yale, na sehemu ya ushindi ilitokana na programu. Kumbukumbu za rada zilitumwa nyumbani, wataalamu wakazichambua, na marekebisho yakarudi melini vita vikiendelea. Lakini hesabu ya fedha ilikuwa kinyume. Kombora la kujilinda la SM-2 linagharimu kama dola milioni 2. Droni inayoangushwa ni ya bei ndogo sana. Aprili 2024 Waziri wa Jeshi la Majini la Marekani, Carlos Del Toro, aliliambia Seneti kwamba wametumia risasi na makombora ya karibu dola bilioni 1. Ndiyo sababu leza inazungumzwa sana. USS Preble imefungwa moja ya kilowati 60, na gharama ya kila pigo ni umeme tu. Ila leza haitoi nguvu hizo bila kumeza mara kadhaa yake, na inayobaki yote ni joto la kuondolewa. Tunarudi kwa jenereta na kipoza.

Type 45 nazo zinaongezewa makombora 24 ya Sea Ceptor juu ya matundu yake 48. Yanaingia kwenye nafasi iliyoachwa tangu mchoro wa kwanza kwa ajili ya mtambo mwingine ambao haukununuliwa. Miaka yote hiyo mabaharia walikuwa wanafanyia mazoezi ya viungo humo. Nilipoisoma habari hiyo nilifurahi kama vile meli ni yangu.

Linalobaki bila jibu zuri ni kujaza upya. Burke ina matundu 96 hivi, na yakiisha inaondoka vitani na kwenda kutafuta gati tulivu lenye kreni. Kombora liko ndani ya mkebe wake mrefu, linateremshwa wima kwenye tundu ambalo pembeni linaacha uwazi mdogo sana. Waendesha kreni wa Mwanza Kusini, wanaojua kontena linavyocheza kukiwa na mawimbi ya upepo wa mchana tu, wataelewa kwa nini kazi hiyo haifanywi baharini. Oktoba 2024, nje ya San Diego, Wamarekani walijaribu: mkebe ulivushwa kwa nyaya kutoka meli ya ugavi hadi kruza USS Chosin huku zote zinatembea, ukasimamishwa, ukashushwa kwenye tundu. Ulikuwa mkebe mtupu. Kazi iliyobaki ni kuufanya ukiwa na kombora zima ndani, usiku, bahari ikiwa imechafuka, na adui akiwa anajua kwamba matundu ni matupu.